Mbwa Wako Anajulikana na Nani?

"Watu wanapotea, wewe unatafuta mbwa?" Kauli hii haikosi msemaji. Aliyepotelewa na mbwa ataisikia kijiweni kwa bodaboda, ataisikia dukani, na akiwa na mkosi ataisikia sebuleni kwake kutoka kwa shemeji. Husemwa kwa mzaha, mara nyingine kwa hasira ya kweli, na anayeisema hangoji jibu. Mimi ninalo jibu, ila nitalifikia kwa kuzunguka kidogo, maana njia yake inapita kwa mama lishe, inaingia kwenye pagale, kisha inavuka bahari mpaka Pemba.

Tuanze na namna mbwa anavyopotea. Katika vitongoji vinavyokua vya Dar es Salaam, kama Goba, Madale, Salasala na Mbweni, mbwa wengi ni walinzi. Mchana wako bandani, usiku wanaachiwa ndani ya ukuta, na dunia ya nje wanaijua kwa pua, kupitia uwazi wa chini ya geti. Gari linaingia, geti linachelewa kufungwa, mbwa huyoo. Dume aliyenusa jike mwenye joto mtaa wa tatu hahitaji hata geti. Atachimba au ataruka. Masika yakiangusha kipande cha ukuta, hakuna anayekumbuka kuhesabu mbwa mpaka maji yakauke. Wapo pia wanaoibwa, hasa watoto wa mbwa wa kizungu ambao bei yao inajulikana na kila kijana wa mtaani.

Halafu kuna usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Fataki za saa sita, ambazo kwetu ni shangwe, kwa mbwa ni mtu kuipasua mbingu. Sikio lake linadaka sauti za juu ambazo letu halizifikii kabisa. Hajui kishindo kinatoka wapi wala kitakoma lini. Mbwa ambaye hajawahi kuvuka kizingiti anaweza usiku ule kuruka ukuta wenye vigae vya chupa, akaondoka na damu miguuni, akakimbia mpaka pumzi imwishie.

Mbwa aliyekimbia kwa hofu si yule uliyemlisha jana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanakwenda wakiita jina kwa sauti kubwa, watoto kumi nyuma yao, tochi mkononi. Mbwa aliye katika hali hiyo huiogopa sauti, hata ya bwana wake. Hujibanza kwenye kalvati, nyuma ya tangi la maji, korongoni, na husogea alfajiri au usiku mtaa ukitulia. Akifukuzwa anakimbia zaidi, na kwa wanaokaa kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kukimbia zaidi maana yake ni daladala na malori. Anayemwona afanye kinyume cha mawazo yake: achuchumae, ampe ubavu badala ya kumkodolea macho, aweke chakula chini, kisha apige simu. Nguo aliyoivaa mwenye mbwa ikiachwa mahali alipoonekana mara ya mwisho, pamoja na maji, inaweza kumfanya arudi pale pale. Ni kazi ya subira, na subira ndiyo inayokuwa haba siku hiyo.

Mwaka 2012 chama cha Marekani cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, kilitoa matokeo ya utafiti uliohoji kaya zaidi ya 1,000 zilizokuwa na mbwa au paka. Kati ya mbwa waliopotea, asilimia 93 walipatikana. Njia iliyowapata wengi kuliko zote, karibu nusu yao, ilikuwa kutembea mtaani na kuulizia. Mmoja kati ya watano alirudi mwenyewe. Waliopatikana kwa sababu ya kibati cha shingoni au chipu walikuwa asilimia 15, na waliokutwa kwenye vituo vya kuhifadhia wanyama ni asilimia 6 tu. Hiyo ni Marekani, nchi yenye vituo vya namna hiyo karibu kila mji. Kwetu, ambako vituo hivyo ni vya kuhesabika kwa vidole, miguu na mdomo ndio mtaji wote.

Ila kuulizia ni jambo moja, na kumjua wa kumwuliza ni jambo jingine. Jirani mmoja wa upande wa Goba alipotelewa na mbwa usiku wa fataki. Ni mbwa mkubwa mweusi mwenye kifua cha kahawia, chotara wa jemani, nyumbani anaitwa Rex. Asubuhi ya Mwaka Mpya lilitoka tangazo zuri kweli, la rangi, lote kwa Kiingereza: jina la mbwa, jina la ukoo wa mbwa, umri, tabia, na picha yake akiwa amelala juu ya kochi. Likarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wakazi. Zikaja pole nyingi na vikatuni vya machozi. Mmoja akauliza kama ukoo ule unafaa kwa watoto. Siku zikapita, mbwa hakuonekana.

Kundi lile lina wenye nyumba, na mwenye nyumba wa Goba huondoka kabla jua halijatoka ili kuwahi foleni, akarudi giza limeingia, vioo vya gari vimepandishwa. Hajui mbwa wa nani anapita wapi. Hata mbwa wake mwenyewe anamjua kwa saa ya usiku tu.

Aliyekuwa anajua ni dada wa kazi. Kumbe Rex alikuwa na ratiba yake. Kila siku ya kazi, adhuhuri, dada alimfungulia geti dogo, naye alijiendea zake mpaka kibanda cha mama lishe jirani na kijiwe cha bodaboda, akapewa ukoko, akarudi. Kibandani hawakujua kama anaitwa Rex. Walimwita Mzee wa Ukoko, na alikuwa akiitika. Waendesha bodaboda walimfahamu. Fundi viatu alimfahamu. Kijana anayepita na kiroba akiokota chupa za plastiki alimfahamu kiasi cha kupeana naye salamu. Mbwa alikuwa na marafiki wengi mtaani kuliko mwenye mbwa.

Dada hakusema mapema, na mtu asimlaumu. Kusema "huwa anakwenda kwa mama lishe" ni kukiri kwamba huwa unafungua geti ulilokatazwa kufungua. Ilibidi mama mwenye nyumba amkalishe jikoni, amhakikishie kwamba hatafukuzwa, ndipo habari ikatoka. Mama lishe alikuwa hajamwona tangu sikukuu, lakini alimwita kijana wa chupa, na kijana akajibu bila kufikiri: yuko kwenye lile pagale la ghorofa lisilo na ngazi, nyuma ya mirunda, ukimsogelea anatoa meno. Siku nyingi alikuwa akimpitia na kumwachia kipande cha mkate. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, tena kwenye simu ambayo yeye hana.

Mwenye mbwa alikwenda mwenyewe, akaita kwa mapenzi yote, akatolewa meno. Dada akaja na sufuria, akaligonga kwa kijiko vile anavyoligonga kila jioni, akakaa kitako juu ya tofali akaanza kuongea na simu kama mtu asiye na haja na mbwa. Baada ya muda pua ikachomoza katikati ya mirunda.

Naisimulia habari hii kwa sababu ndani yake imo hoja yangu nzima. Ukuta mrefu unamzuia mwizi, sawa, lakini pia unamzuia mwenye nyumba asijulikane na watu ambao siku moja atawahitaji. Mbwa akipotea, anayemwona hawi jirani mwenye geti kama lako. Ni mlinzi wa saiti anayekesha, muuza mkaa, mama anayefagia barabara alfajiri, konda, mwanafunzi anayekata kichochoro, mchunga mbuzi wa kule bondeni. Hao ndio macho ya mtaa. Mtu aliyekuwa akiwasalimia tangu zamani anauliza mara moja tu, na kufika jioni swali lake limeshasambaa kuliko tangazo lolote. Aliyezoea kupita akipiga honi atauliza, atajibiwa kwa adabu, na baada ya hapo hakuna atakayehangaika.

Wasomaji wa vijijini watacheka kwamba jambo hili linahitaji makala. Usukumani na Unyamwezini, ng'ombe wakiibwa, hupigwa mwano, na kila mwanamume mwenye nguvu hutoka na silaha yake kufuata nyayo. Sungusungu iliyochipuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa juu ya desturi hiyo ya kuitikia ukelele, na wizi wa mifugo ulikuwa moja ya sababu kubwa za kuanzishwa kwake. Pwani, lilipolia la mgambo, mji ulijua kuna jambo. TANU nayo, katikati ya miaka ya 1960, ilipoweka mabalozi wa nyumba kumikumi, ilikuwa na malengo yake ya kisiasa, lakini matokeo yake mojawapo yalikuwa kwamba mtu mmoja aliwajua wote wa kaya zile, pamoja na mifugo yao. Leo waulize wakazi wa mtaa wenye kuta za futi nane, mjumbe wao ni nani. Wengi watakutajia jina la kampuni ya ulinzi.

Kabla sijasahau, majina. Wapo Watanzania wanaowapa mbwa majina ya mafumbo, ya kumrushia jirani: Hamtuwezi, Wivu Tu, Mtasema Sana. Nyumbani jina kama hilo lina raha yake, kwa sababu kila ukimwita mbwa kula umemsema mtu bila kumsema. Siku mbwa akipotea, sasa, tembea mtaa mzima saa kumi na moja alfajiri ukiita "Mtasema Sana!" mbele ya dirisha la yule yule aliyekusudiwa, kisha mgongee mlango umwombe msaada. Nayajua majina yaliyobadilishwa kimyakimya baada ya mkasa wa namna hiyo.

Na lipo suala la dini, ambalo waandishi wengi wa habari za wanyama hulikwepa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mwenye mbwa Mkristo huona hana haja ya kumwuliza mzee wa kanzu aliyekaa barazani. Anakosea. Mzee yule yule anaijua habari ya Watu wa Pangoni na mbwa wao aliyelala kizingitini, na anaijua hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Kutomgusa mbwa hakumzuii kuona amepita wapi. Tena mtu anayejihadhari asiguswe na mbwa huwa anawaona mbwa wote wanaopita.

Sasa tangazo lenyewe, kwa kuwa nimeshalisema lile la Kiingereza. Andika Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka na aliye juu ya pikipiki. Usiandike ukoo wa mbwa. Hakuna anayejua Rottweiler anafananaje, lakini kila mtu anaelewa "mbwa mweusi, mnene, mkia mfupi, anachechemea mguu wa nyuma". Weka picha ya ubavuni, mwili mzima. Weka tarehe, maana matangazo ya WhatsApp hayafi: yanazunguka mwaka mzima, mbwa alisharudi na pengine alishazeeka, bado watu wanatumiana "tafadhali sambaza". Ukiishi Goba, bandika mpaka Makongo na Mbezi. Bandika buchani, kwa sababu mbwa mwenye njaa hufuata harufu ya mifupa, na mwenye bucha huwajua wageni.

Kuhusu zawadi, mimi si shabiki wa ile "zawadi nono" inayoandikwa kwa wino mwekundu. Inaleta vijana na kamba, kila mmoja akiburuta mbwa koko wa watu, na mtaa wa jirani nao unaanza kutafuta wake. Ikishazoeleka kwamba mbwa aliyepotea ana bei, wataanza kupotea wengi. Inaleta pia matapeli. Nchi hii ina watu wanaoamka na kutuma "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa namba wasizozijua; wakikuta tangazo lenye namba yako, picha ya mbwa na ahadi ya fedha, wamepata kazi ya wiki. Atapiga mtu mwenye sauti ya huruma, atasema mbwa yuko Kibaha, kagongwa kidogo, ametibiwa, itumwe hela ya daktari na ya usafiri. Dawa yake ni rahisi: alama moja usiitaje kwenye tangazo. Kovu sikioni, kucha nyeupe moja, chochote. Anayepiga aulizwe. Asipojua, hana mbwa. Anayemleta kweli apewe shukrani yake mkononi, na isiwe ya aibu.

Nirudi kwa shemeji na swali lake.

Kwa jirani wa Goba, aliyepotea alikuwa mbwa wa mtu. Lakini tuseme mbwa huyo, kabla ya kutokomea, alimng'ata mtoto mguuni. Sasa kila saa anayotafutwa inamhusu mtoto. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna tiba. Anayefikia hapo karibu hakika atakufa. Kabla ya dalili kinazuilika kabisa, kwa kuosha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kuwahi sindano bila kungoja habari za mbwa. Anayeng'ata kwa sababu ya kichaa huwa tayari anao ugonjwa wenyewe, na hufa ndani ya siku chache. Ndiyo maana wataalamu husema mbwa aangaliwe kwa siku 10: akiwa bado mzima, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Akipotea, mtoto atamaliza dozi zote, mzazi atalipa nauli za kwenda na kurudi hospitali, na usingizi hautapatikana. Waulize wazazi waliowahi kupita hapo kama kutafuta mbwa ni mchezo wa matajiri.

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Njia inayojulikana ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka. Hakuna maajabu mengine.

Hapa ndipo Pemba inapoingia. Kisiwa hicho, ambacho mbwa wake ni wachache ukilinganisha na bara, kiliufuta ugonjwa huu kwa kampeni za chanjo. Mwaka 2016 ukarudi, ulioletwa na mbwa waliotoka nje ya kisiwa, kisha chanjo ikauzima tena. Kilichonivutia ni namna watafiti walivyojua. Walipima vinasaba vya virusi, naam, lakini kazi kubwa ilikuwa ya miguu: kwenda kwa kila aliyeng'atwa, kumwuliza mbwa alikuwa wa nani, alitokea wapi, alielekea wapi, kisha kwenda huko na kuuliza tena, nyumba hadi nyumba, mpaka mnyororo ukamilike. Serengeti kazi kama hiyo imefanyika tangu 2002, na imewafundisha madaktari wa dunia mengi kuhusu jinsi kichaa kinavyosafiri. Sehemu kubwa ya taarifa ilitoka kwa wafugaji, wanafunzi na akina mama waliokumbuka mbwa wa rangi gani alipita siku gani.

Kwa maneno mengine, sayansi ile ilisimama juu ya mtaa unaojua mbwa wake. Mahali ambapo hakuna anayejua mbwa ni wa nani, mnyororo unakatika kwenye nyumba ya kwanza.

Halmashauri zetu zimezoea njia nyingine. Malalamiko yakizidi, gari la matangazo linapita: fungeni mbwa wenu, atakayeonekana akizurura kuanzia tarehe fulani ataondolewa. Maana ya kuondolewa kila mtu anaijua. Wiki hiyo, aliyepotelewa na mbwa anashindana na bunduki. Naelewa hofu ya viongozi. Mtoto akifa kwa kichaa, wao ndio wanaoulizwa. Ila kuua mbwa ovyo hakujawahi kuumaliza ugonjwa huu mahali popote. Wanaopigwa mara nyingi ni wale wanaoonekana kwa urahisi, mbwa waliozoea watu, wakiwemo waliochanjwa; wanaojificha wanabaki, wanazaa, na nafasi zilizoachwa wazi zinajazwa na wageni wasiochanjwa. Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kinachokosekana ni daftari.

Ng'ombe wa nchi hii ana sheria ya utambuzi tangu 2010, na juhudi za kumvisha hereni zimekuwa zikiendelea, pamoja na ubishi wake wote kuhusu nani alipie. Mbwa hana chochote. Uingereza, tangu Aprili 2016, mbwa lazima awekewe chipu chini ya ngozi, kidude kama punje ya mchele chenye namba ya tarakimu 15. Baadhi ya madaktari wa mifugo wa mijini wanaiweka hapa pia, na mwenye uwezo aiweke. Lakini chipu inasomwa kwa mashine, na kijana wa chupa hana mashine. Anayo macho. Kwa hapa kwetu, mkanda wa shingoni wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika unashinda chipu, na unagharimu kidogo kuliko mlo mmoja wa mbwa wa Masaki.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika wilaya nyingi mbwa huchanjwa siku hizo. Kwenye baadhi ya kampeni, mbwa aliyechanjwa huvishwa utepe wa rangi shingoni ili wahesabuji wamtambue. Hapo ndipo ningependa serikali za mitaa ziongeze jambo dogo. Afisa mifugo yupo, mbwa yupo, mwenye mbwa yupo amesimama kwenye foleni. Mjumbe akae pembeni na daftari la kawaida la shule: mbwa, rangi, alama, mwenye mbwa, simu, tarehe ya chanjo. Utepe ule uandikwe namba. Hakuna programu ya kununua, hakuna semina ya hotelini. Mbwa akipotea, mtu anaanzia kwa mjumbe. Mbwa aking'ata, daktari anaanzia kwa mjumbe pia. Na mwenye mbwa anayemwacha azurure bila chanjo naye atajulikana, jambo ambalo nashuku ndilo litakalofanya wengine wapinge daftari.

Watoto wahusishwe, kwa masharti. Hakuna anayejua mbwa wa mtaa kama mtoto wa darasa la tatu. Anajua nani mkali, nani ana watoto, nani hula kwa nani. Lakini mtoto huyo huyo ndiye anayerusha mawe, na ndiye anayeng'atwa. Kati ya wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne kwa kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo atumwe kuona tu: aone, asikimbize, asiguse, arudi kusema. Mwalimu wa shule ya msingi akiyasema hayo kwenye mstari wa asubuhi, amefanya kazi ya kamati nzima.

Rex alichanjwa siku alipotoka kwenye pagale, kwa shuruti ya mama lishe, aliyesema mbwa asiyejulikana alikolala hapewi ukoko karibu na wateja wake. Zawadi ilileta mzozo. Mwenye mbwa alitaka kumpa kijana wa chupa yote, mlinzi wa pagale akadai mbwa alikuwa chini ya ulinzi wake, bodaboda mmoja akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyempakia kijana. Mama lishe akagawa, na hakuna aliyebisha. Dada hakuwemo kwenye mgao. Aliongezewa mshahara, na funguo za geti dogo zikawa zake rasmi.

Tangazo la Kiingereza bado limo kwenye makundi. Juzi mtu wa Kigamboni alipiga simu kusema amemwona.